Rubani Tuliyemlilia Akiwa Hai

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa nafasi ya kusema. Nikasimama, nikashukuru kwa blanketi na kwa kiti, nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na furaha. Haikuwa hivyo. Juma lile tulikuwa tumemzika Kapteni Naomi huko kwao Misigiri, na maneno niliyokuwa nayo hayakufaa kusemwa mbele ya pilau. Mimi nimeishia darasa la saba na sina mazoea ya kuandika marefu, lakini Muuguzi Mkuu amesema niandike kama ninavyozungumza, ninyi mliobaki kazini mtasoma. Basi nimeandika.

Kile kiwanja nyuma ya wodi ya wazazi wengi wenu mnakijua kama mahali pa kuanikia mashuka na kuchezea mpira. Zamani kilikuwa kiwanja cha ndege, na mimi nilikuwa mtunzaji wake mpaka lami ilipofika na gari la wagonjwa likachukua kazi. Baada ya hapo mlinijua getini na bustanini. Hayo mliyaona wenyewe, sina la kuongeza. Nitaeleza ya mwanzo.

Msibani Misigiri walisoma wasifu wa marehemu. Walisema alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa nchi hii kurusha ndege peke yao, wakataja shule alizopita na nishani aliyovalishwa. Yote ni kweli. Kijiji chetu hakikutajwa. Sikulalamika, maana maisha ya mtu ni marefu na jua lilikuwa kali. Ila nilirudi na basi nikiwaza kwamba kama nami nikinyamaza, habari yake ya huku itakuwa imezikwa mara mbili.

Nilianza kazi nikiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijaamua. Nilifika na viatu vipya na shati la kuazima, nikiamini nimeajiriwa mambo ya ndege. Aliyenipokea ni Mzee Hango, aliyekuwa akitunza kiwanja tangu kilipofyekwa. Akanipa fyekeo. Nilipomuuliza ndege iko wapi, alisema ndege huja ikipenda, lakini nyasi huja kila siku, kwa hiyo mwajiri wetu halisi ni nyasi.

Vifaa vyetu vilikuwa fyekeo, reki ya chuma, toroli lenye gurudumu lililopinda, debe la chokaa na baiskeli. Chokaa ilikuwa ya kupaka mawe ya pembeni ili rubani aione njia akiwa juu. Soksi ya upepo tuliishona kwa shuka la wodi. Ikilowa mvua ilining'inia kama suruali ya mlevi na haikumwambia mtu yeyote upepo unatoka wapi, hivyo siku za mvua tuliwasha moto wa majani mabichi ili moshi useme badala yake. Mashimo tuliyaziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, kama tunavyofanya sakafu za nyumba zetu, tukaushindilia kwa gogo. Usiku mhanga, yule mnyama mla mchwa, alikuja akachimba upya. Sijawahi kumwona mhanga mvivu.

Njia ilipimwa kwa baiskeli. Mzee Hango aliiendesha kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai ikimwagika, hapo pana shimo. Ilinichukua muda kutambua kwamba chai ile ilikuwa pia ya kunywa, na kwamba ukaguzi ulifanyika mara nyingi zaidi siku za baridi.

Adui yetu mkubwa alikuwa mbuzi. Ng'ombe akisikia injini hukimbia, kondoo hufuata wenzake, lakini mbuzi husimama katikati ya njia akaitazama ndege inavyokuja kana kwamba yeye ndiye aliyeiita. Niliwafukuza mbuzi wa watu wenye heshima na nikatukanwa na watu hao hao.

Marubani wa miaka ile walikuwa Wazungu, watu wema, wenye haraka. Kisha siku moja ndege ilitua, mlango ukafunguliwa, akashuka mwanamke mwembamba, mweusi kama sisi, amevaa suruali ya kaki. Watu walikuwa wamejaa pembeni kama kawaida. Wakamtazama, kisha wote wakatazama nyuma yake. Mzee Jumanne, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kijiji, alisogea akamuuliza kama rubani amebaki ndani.

"Shikamoo mzee wangu. Ndani hakuna mtu."

"Marahaba. Sasa nani ameileta?"

"Mimi."

Mzee Jumanne akaitazama ndege, akamtazama yeye. "Na kurudi?"

"Nitarudi nayo mimi."

"Basi leo sina mgonjwa," akasema Mzee Jumanne.

Lakini alikuwa amemleta mdogo wake, mwenye henia ambayo ilikuwa imemtesa hadi hawezi kusimama wima. Yule mdogo akasema kutoka kwenye machela, "Mgonjwa ni mimi, kaka, si wewe," akaomba apakiwe. Akapakiwa. Akarudi baada ya muda akitembea kama askari.

Huyo ndiye aliyekuwa Kapteni Naomi. Aliniita kaka Simioni tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo mke wangu Felista akawa wifi yake.

Nataka mjue alivyofanya kazi, maana hilo ndilo lililonifanya nimheshimu, kuliko suruali na kuliko kuwa wa kwanza. Kabla ya kuruka alivua viatu akaitembea njia yote kwa miguu mitupu. Alisema macho hudanganywa na nyasi, unyayo haudanganywi. Mzee Hango alifurahi, akasema hatimaye tumeletewa rubani mwenye miguu. Kapteni aligusa kila bawa kwa mkono kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani. Na alikuwa na neno ambalo wakubwa wengi hawana. Neno lenyewe ni "siwezi".

Kuna kijana alianguka mtini akirina asali, akavunjika nyonga. Mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa. Baba yake alimsihi Kapteni, kisha akamtukana, akasema angekuwa mwanamume angeruka. Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba akiruka wakati ule anaweza kuua watu watatu badala ya kumchelewesha mmoja. Kisha akaenda kukaa kando ya machela, akamshika kijana mkono, akawa anatazama mawingu mpaka yakainuka. Kijana alipona, anachechemea hadi leo. Baba yake alileta asali ya shukrani kwenye kibuyu, kibuyu kikavuja ndani ya ndege, na kwa miezi kadhaa wagonjwa walishuka mjini wakiwa wananata.

Alipokuwa akisubiri mgonjwa afungwe bandeji alikaa chini ya bawa, na Felista alimletea ugali wa mtama na mlenda. Hapo ndipo alipotusimulia ya kwao. Alipokuwa msichana akiamia shamba la mtama la mama yake ndege wasile, ndege moja ya abiria ilipita juu, akamuuliza mwalimu wake mtu anajifunza wapi kuendesha kitu kile. Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Kapteni alisema kwamba kicheko kile ndicho kilichomfundisha hesabu. Baba yake alikaa miaka bila kuitikia shikamoo yake akiwa amevaa suruali. Alikuwa akiitikia tu alipovaa gauni, na yeye likizo alikuja na gauni moja tu. Aliyasema hayo akicheka, lakini Felista hakucheka. Usiku huo aliniuliza mtu akiwa mkubwa namna ile na bado kwao hana mahali, atapata wapi.

Felista mwenyewe hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka watu wamesahau yupo, kisha aseme sentensi moja, na baada ya hapo mazungumzo yasiendelee tena. Tulikuwa tumeoana muda si mrefu, na mwaka ninaousema alikuwa na mimba ya kwanza.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Barabara ya kwenda Singida Mjini inapita mbugani, na mbuga ikishiba maji hata trekta halipiti. Siku moja simu ya upepo ya hospitali ilisema ndege ya Kapteni Naomi imeanguka. Ilisema hivyo, ikakwaruza, ikakata. Betri zilikuwa zimekufa na jenereta halikuwa na dizeli, na dizeli ilikuwa upande wa pili wa mbuga. Tukabaki na neno moja tu, imeanguka, bila la kabla wala la baada.

Tulisubiri. Hakuna ndege iliyokuja. Dokta wetu alijaribu simu kwa betri ya tochi, kisha akaja akasema tusijidanganye.

Hapa lazima niwaeleze mila ya kijiji chetu, maana ninyi mliozaliwa karibuni huenda hamkuikuta. Mwenye boma akifa, lango lake kubwa, lile la ng'ombe, lilizibwa kwa matawi ya mgunga. Watu na mifugo walipita upenyo wa pembeni mpaka siku ya kuondoa matanga. Maana yake ni kwamba aliyekuwa akiingia hapa kama mwenyewe haingii tena, na sisi hatutapita kwenye nyayo zake kama vile hakuna kilichotokea. Lilikuwa ni jambo la heshima kubwa, na lilifanywa kwa ajili ya wanaume tu.

Watu walikusanyika kwa Mzee Hango kumlilia Kapteni. Wakati wazee wanaongea habari za dua na sala, maana tulikuwa wa dini zote mbili, wanawake walikuja kwa pamoja, Felista mbele na tumbo lake. Wakasema wanataka lango la Kapteni lifungwe. Mzee Jumanne aliuliza lango lipi. Wakasema kiwanja.

"Lango hufungwa la mwenye boma," akasema Mzee Jumanne. "Mwanamke ana boma gani?"

"Shikamoo mzee," akasema Felista. "Mdogo wako alitokea lango gani akapona?"

Mdogo wake alikuwa amekaa pale pale. Akainamisha kichwa, na nilimwona anaficha tabasamu hata katika msiba.

"Kapteni alikuja hapa akiingia pale," Felista akaendelea. "Watu wetu waliokuwa wakifa walitokea pale, wakarudi wazima. Kama lile si lango lake, ni la nani? Mwanamke akikosa lango akiwa hai, apewe akifa."

Mzee Hango alisema kiwanja ni cha hospitali, hakifungwi kwa kilio. Wakaenda kumuuliza Dokta. Dokta alikuwa mtu wa mbali, na kwa siku zile alikuwa amechoka kwa huzuni. Alisema ndege nyingine haitapatikana kabla ya mvua kuisha, wafanye wanavyoona, mradi waondoe baada ya matanga. Hakuna aliyekosea hapo kwa akili tuliyokuwa nayo. Nimelirudia jambo hili kichwani kwa miaka mingi, na bado nasema hivyo.

Basi tulikata migunga, mimi na wote. Wanaume walikata, wanawake walipanga. Walizuia mwanzo wa njia, mwisho, na katikati, kwa sababu Felista alisema boma lake lilikuwa refu. Walisuka tawi ndani ya tawi, wakafunga kwa kamba za katani. Mvua ikanyesha juu yake, miiba ikazama kwenye udongo. Ilikuwa kazi nzuri sana. Sijaona lango lililofungwa kwa upendo kama lile.

Matanga hayakuwa yameondolewa Felista alipoanza uchungu. Ulianza jioni, ukaendelea usiku, na asubuhi Dokta aliniita nje ya wodi. Aliniambia mtoto amekingama tumboni, hawezi kutoka, na mama anahitaji kupasuliwa. Wakati ule hapa kwetu hapakuwa na chumba cha upasuaji. Kile mnachokiona kilijengwa baadaye. Alisema hata Singida Mjini daktari wa kupasua siku zile hayupo, akanitajia hospitali kubwa ya Dodoma kama mtu anayetaja nyota. Tulifikiri machela, tukafikiri mkokoteni wa ng'ombe. Vijana wawili walikwenda kupima mbuga wakarudi wakiwa na matope hadi kifuani.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya wodi niliposikia mlio.

Kwanza nilifikiri ni mimi tu. Kisha wanawake waliokuwa matangani wakatoka nje, na ndege ikatokeza chini ya mawingu. Haikuwa ndege yetu, ilikuwa na rangi nyingine, lakini ilipofika juu ya nyumba ya Mzee Hango ikainamisha bawa. Kapteni Naomi alikuwa akimsalimu mzee hivyo kila alipofika.

Nitasema kilichotokea bila kukipamba. Watu walikimbia. Walikimbia si kwa ujinga. Ungemlilia mtu siku zote zile, kisha akaja juu ya kichwa chako akikupungia, nawe ungekimbia. Wengine waliangua kilio upya. Mzee Jumanne alikaa chini matopeni, akasema ni mzimu wake, umekuja kuangalia kama tulifunga.

"Mzimu hauna injini," akasema Mzee Hango. "Shikeni mapanga."

Ndege ilizunguka. Kutoka juu aliiona miiba, na aliijua maana yake, kwa sababu Felista mwenyewe aliwahi kumweleza mila ile. Baadaye alituambia kwamba alidhani Mzee Hango amefariki, au Dokta, na kwamba alijiambia mahali penye msiba mtu hapapiti juu akaenda zake. Angeweza kugeuka. Alizunguka akingoja.

Sisi tulikuwa wachache. Tuliamua kufungua upande wa chini peke yake, mpaka ile miiba ya katikati, tukaiacha hiyo na ya upande wa juu. Kamba zilikuwa zimevimba kwa mvua, kila tawi limeshika jenzake. Tulileta ng'ombe wa jembe wakavuta kwa mnyororo. Na matawi yakishatoka kazi haijaisha, maana mwiba mmoja wa mgunga unatosha kutoboa gurudumu, na ndege iliyotobolewa gurudumu haimsaidii mtu. Ilibidi kupiga reki. Baada ya reki nikavua viatu, nikatembea. Nilipochomwa niliinama, nikauchomoa, nikaendelea. Juu ya kichwa changu mlio ulikuwa unakwenda na kurudi, na kila mzunguko nilijua kinachoungua. Nilitamani atue, na nilitamani asitue mpaka nimemaliza. Sitamani mtu yeyote awe na matamanio hayo mawili kwa wakati mmoja.

Alitua kwenye nusu ya njia. Marubani niliowasimulia baadaye walisema haiwezekani. Nilikuwapo. Gurudumu la mbele lilisimama karibu kabisa na miiba iliyobaki.

Alishuka, akamwamkia Mzee Hango, akauliza nani amefariki. Mzee Hango akasema, "Wewe."

Kapteni akaitazama ile miiba. Akaeleza kwa kifupi kwamba injini ilimzimikia akatua mbugani, akatoka mzima, na kwamba alikuwa akituita kwa simu siku zote na hatuitiki, ndiyo maana alipopata ndege ya kuazima alianzia kwetu. Kisha akaniona miguu yangu, akaniona uso, akauliza, "Wifi yuko wapi?"

Tulimpakia Felista. Kapteni alinivuta pembeni ya bawa. Wapo watu ambao wangeniambia tu twende. Yeye alisema, "Kaka Simioni, nimezunguka sana. Mafuta yaliyobaki hayatufikishi Dodoma. Itabidi kwanza tushuke Singida Mjini tuongeze. Nakwambia ili ujue, nisije nikakudanganya kwa kunyamaza."

Nikamwambia twende.

Nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Nilikuwa nimeitunzia njia miaka yote ile, na niliyoyaona kutoka juu siyakumbuki, isipokuwa kile kiwanja chetu, kidogo kama mkeka, na mistari myeusi ya miiba upande wa juu. Felista alikuwa amelala, kichwa chake kikiwa karibu na kiti cha rubani. Alikuwa ameacha kulia. Akamtazama Kapteni muda mrefu.

"Kumbe hukufa, wifi," akasema.

"Sikufa."

"Tulikulilia sana."

"Nimeona," akasema Kapteni. Hakugeuka, mikono yake ilikuwa kwenye usukani. "Hakuna mtu aliyewahi kunifungia lango. Asante, wifi."

Felista akafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi yake. Alikuwa bado anapumua tuliposhuka Singida Mjini. Mafuta yalikuwa kwenye pipa, yakipampiwa kwa mkono, na Kapteni alimpokonya yule mpampaji mpini akapampu mwenyewe. Nilikuwa nimemshika Felista mkono. Ziwa lilikuwa linaonekana kule chini, na upepo ulikuwa mzuri, ule ambao Mzee Hango angeusifu. Pipa lilikuwa halijafika nusu mkono wake ulipolegea. Mtoto alikwenda naye.

Dokta aliniambia baadaye kwamba kwa hali ile huenda asingefika Dodoma hata kama pasingekuwa na miiba. Sijui kama aliniambia kweli au alinihurumia. Mimi sijui, na nimeona nisijifanye najua, wala upande huu wala upande ule.

Ndege zile zilikuwa na amri ya kutobeba maiti. Kapteni hakuitaja. Alifunika uso wa Felista kwa kitambaa chake mwenyewe, akanisaidia kukaa, akaturudisha nyumbani. Nilisikia baadaye kwamba aliitwa na wakubwa zake kujieleza. Yeye mwenyewe hakuniambia.

Tulizika kesho yake. Kapteni alikaa chini na wanawake, amejifunga khanga juu ya suruali. Na hapo ndipo maneno yakaanza kupita, polepole, kama moshi chini ya mlango. Kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai hawezi kurudi bure. Kwamba lazima achukue mwingine akae mahali pake. Kwamba kiwanja kile kisifunguliwe tena. Mzee Jumanne alijaribu kuyazima. Alikwenda mbele ya Kapteni, akasema, "Binti yangu, tulitaka kukupa heshima, tukakuzibia njia. Tusamehe." Kapteni alimjibu kwamba hana cha kusamehe. Lakini maneno hayakuzimika. Hatimaye ikaonekana wazi kwamba kila mtu anamngoja mwenye msiba aseme, na mwenye msiba nilikuwa mimi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Kapteni kiwanjani, peke yake, anavuta matawi yaliyobaki kwa mikono. Nikamsaidia. Tuliyavuta hadi tawi la mwisho. Kisha akasimama.

"Nimesikia wanayosema," akasema. "Mimi siyaamini. Lakini aliyefiwa ni wewe. Ukisema nisitue tena hapa, kaka, sitatua. Sitakuuliza kwa nini."

Nilimtazama. Nilikuwa na hasira, sitaficha, ila sikujua ya nani. Nilikuwa nikimpenda kama dada, na sikutaka kumwona. Yote mawili yalikuwa kweli. Nyuma yake nilikuwa naiona wodi ya wazazi, na dirishani amesimama mwanamke wa kijiji cha Mungaa, mgongo ameuegemeza ukutani, mkono chini ya tumbo. Alikuwa ameletwa usiku wa msiba, na Dokta alikuwa ameniangalia tu, hakuthubutu kuniambia.

"Wodini kuna mama mwingine," nikamwambia. "Naye hawezi kujifungua."

Kapteni alivua viatu, akaanza kutembea kuelekea mwisho wa njia, na mimi nikaenda kuita watu wa machela.

Waliondoka kabla ya saa sita. Nilisimama pembeni ya mawe ya chokaa mpaka mlio ulipoisha kabisa, kisha nikachukua reki, nikairudisha stoo, nikaenda nyumbani, ambako watu walikuwa bado wamekaa chini wakinisubiri.